Mnaofanya utafiti huku Mtwara na Lindi, jina la kibarua mnaliweka wapi?

Magu_hadi_Masasi (mleta mada)
Wakuu habari za usiku. Mimi ni mtu wa kanda ya ziwa, Magu huko, huu mwaka wa nne nipo Kusini kwenye mradi wa karanga wa chuo kimoja (sitakitaja msinichokonoe), mashamba ya majaribio yako vijijini Masasi na Nanyumbu, mwenyewe nimepanga chumba Masasi mjini kwa mama mwenye nyumba ambaye mpaka leo anaamini mimi nanunua karanga za mtu wa Dar, kila msimu ananiuliza bei imefika ngapi.

Sasa iko hivi. Ua la karanga ni dogo mno na linajichavusha lenyewe alfajiri, kwahiyo ukitaka kuchanganya mbegu mbili inabidi jioni yake uende na kibano kile cha kutolea nyusi, ufungue tumba, utoe sehemu za dume zote bila kuchubua ya kike, alafu kesho kabla jua halijakolea unarudi na chavua ya yule baba unayemtaka. Mimi nimesoma hii kazi mpaka shahada ya pili. Kwenye maua kumi yakishika matatu nashukuru Mungu. Kuna mama mmoja hapa kijijini, tumwite Mama S, kaishia darasa la saba, amekuwa kibarua wa miradi tofauti tofauti huu mwaka wa ishirini sjui na ngapi, yeye yakishika sita ananuna kutwa nzima. Miwani hana, kibano changu cha gharama alikikataa, ana cha kwake kakifunga uzi mwekundu.

Sio mikono tu. Msimu wa juzi yeye ndo alinivuta kanga akanionesha mistari miwili katikati ya shamba, kila mahali rozeti, ule ugonjwa wa karanga unaoletwa na vidukari, imeshika, majani madogo ya njano yamejikusanya kama maua ya plastiki, ile mistari miwili kijani kibichi. Mimi nilikuwa nimeipita mara tatu na daftari mkononi. Ile mistari ndo imekuwa andiko letu la kwanza. Nimemwambia bosi tuweke jina la Mama S miongoni mwa waandishi, akacheka, akasema vibarua tunawashukuru kule mwisho kwa ujumla wao, ndo utaratibu.

Naomba mawazo yenu. Na kingine, nyie wenzangu mnaofanya kazi hizi huku mnaongea na nani? Siku nilipopata majibu ya maabara ya ile mistari nilikosa mtu wa kumwambia, nikampigia mama Magu, akanisikiliza vizuri kabisa alafu akauliza, kwahiyo mtauza lini?

Chokonoa
Huyo mama anataka jina au anataka hela? Umemuuliza? Maana nyie wasomi mnapenda kugawa heshima kwa sababu haina makato 😂

Magu_hadi_Masasi
Chokonoa kusema kweli sijamuuliza. Umenishika.

Fundi Sanifu wa Kuchele
Dada karibu Kusini kwa kuchelewa. Mimi fundi sanifu maabara, stashahada, mwaka wa 19 kazini. Nimepima udongo na majani ya watu wa PhD kama kumi na moja hivi, wazungu wanne, waliobaki wa kwetu. Wengine wakija wanajua kitabu lakini hawajui kuwa ile mashine ukiiwasha siku umeme unayumba inakupa namba nzuri za uongo. Nakaa nao mpaka saa nne usiku. Mmoja kwenye harusi yake nilikalishwa meza ya wazazi, wallahi, na keki nikalishwa. Kwenye andiko lake sipo hata kwa shukrani. Simchukii, tunasalimiana vizuri tu, ila kila nikiona ile picha ya harusi nacheka peke yangu.

Kuhusu kuongea na nani: mimi naongea na mlinzi. Hana alichosoma lakini anauliza maswali kuliko mkuu wangu.

Mguu Wazi
Hahaha mlinzi. Mimi nilikuwa mkamata mbu. Sio utani, ndo ilikuwa kazi, mradi fulani wa malaria miaka ya nyuma huku Lindi vijijini. Unakaa kwenye kigoda, unakunja suruali mpaka gotini, tochi mkono mmoja, mrija wa kunyonyea mdomoni, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi mnapokezana. Mbu akitua kabla hajachoma unamvuta, unamtia kwenye kikombe cha saa hiyo, maana kila saa ina kikombe chake, wenyewe wanataka kujua mbu anauma saa ngapi na anauma ndani au nje ya nyumba. Tulikuwa wanne kwenye kituo chetu: mimi bodaboda, mmoja mwalimu wa madrasa, mmoja mvuvi aliyechoka bahari, na kijana wa Kisukuma aliyekuja kufuata ng'ombe akakwama. Usiku ule tunaongea dini, mpira, wake zetu, na mbu. Ukweli ni kwamba mvuvi ndo alikuwa anamjua mbu kwa mlio kabla hajatua, anasema huyu wa malaria huyu sio, tukiangalia asubuhi kwa darubini anapatia mara nyingi kuliko anavyokosea.

Mradi ukaisha, wakaja kuchukua tochi zao na vigoda, sisi tukaendelea kukutana barazani kwa mwalimu. Mpaka leo tukikaa mtu akipiga mbu kofi mwenzake anauliza "saa ngapi hiyo?"

Magu_hadi_Masasi
Mguu Wazi umenichekesha peke yangu chumbani, mama mwenye nyumba kaja kugonga.

Daktari Hana Gari
Nijibu lile swali la mleta mada kama lilivyo. Majarida mengi ya tiba, na ya fani zingine wanaiga, yanafuata masharti manne: uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo, au kukusanya data, au kuichambua, uwe umeandika au kuikosoa rasimu, uwe umeikubali nakala ya mwisho, na uwe tayari kuulizwa juu ya kazi nzima. Yote manne, sio moja. Kwahiyo bosi wako kitaalamu sio mjinga, kuchavusha maua peke yake hakutoshi.

Lakini hapo watu wanapasoma nusu. Masharti hayohayo yanasema aliyetimiza lile la kwanza apewe nafasi ya kutimiza hayo mengine. Yaani huruhusiwi kumnyima rasimu alafu ukasema hakusoma rasimu. Huyo mama ndiye aliyeiona ile mistari, hilo ni wazo tena wazo zito, sasa swali ni kama kuna mtu aliyewahi kumpa andiko akalikosoa.

Chokonoa
Andiko lenyewe la Kiingereza, atalikosoaje huyo mama, kwa macho?

Daktari Hana Gari
Kwa masikio mkuu. Anasomewa kwa Kiswahili. Kwani sisi tukiwa tunaomba ridhaa ya mgonjwa kushiriki utafiti hatumsomei? Tunamsomea mpaka dole gumba. Ikifika zamu ya kusifiwa ndo lugha inakuwa tatizo.

Mmwera wa Mipingo
Nimekuwa nasoma kimya kimya ila hapa naingia maana hili jambo kwetu ni la zaidi ya miaka mia. Tendaguru mnaijua? Kilima tu huku Lindi, ukifika utasema ndo hapa? 1906 mhandisi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anatafuta madini, Sattler, akaoneshwa mfupa mkubwa umetokeza ardhini, mfupa wa dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale. 1909 mpaka 1913 wakaja wa makumbusho ya Berlin, Janensch na Hennig na wenzao, wakachimba kweli kweli, mamia ya watu wetu wakawa wachimbaji, mifupa ikapakwa, ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, tani zaidi ya 200 zilitoka pale. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin 1937 ana kimo cha zaidi ya mita 13, watoto wa shule wa kule wanamwangalia mpaka shingo zinauma.

Sasa nani alichimba? Wajerumani walikuwa wachache sana, unawahesabu kwa vidole. Msimamizi mkuu wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuufunua mfupa bila kuuvunja, na Waingereza walipokuja miaka ya 20 na wao wakamtumia huyohuyo maana hakuna mwingine aliyejua kama yeye. Mkuu wa msafara wa Waingereza, Cutler, alikufa kwa malaria Lindi 1925, Leakey yule wa Olduvai naye alipita pale akiwa kijana mdogo 1924 akajifunza kuchimba, huenda kwa mikono ya kina Boheti hao hao.

Majina je. Mmoja kati ya wale mijusi wadogo wadogo alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa vita, ambaye hakushika hata sululu pale. Boheti alisubiri mpaka 2007, ndo wakampa mjusi, Australodocus bohetii. Na 2019 wakaja kumtaja mwingine Wamweracaudia keranjei, hiyo Wamwera ni sisi wenyewe, na keranjei ni Mohammadi Keranje aliyesimamia kuchimba ule mkia. Wanaume hao wamekufa zamani sana hawajui. Kwahiyo dada usisubiri Mama S afe ndo mumpe jina la karanga.

Ngisi Mkavu
Mkuu Mmwera nakazia. Na wajukuu wa Berlin hawajui kutamka Keranje.

Jiwe la Udongo
Msilie sana, kuna mahali imeenda vizuri. Mimi jiolojia. Huku Kilwa na Lindi kuna udongo wa mfinyanzi wa kale ambao ndani yake mna vijidudu vya bahari, foraminifera, vidogo kama chembe ya chumvi, na magamba yao yamekaa safi yanang'aa kama kioo kwa mamilioni ya miaka, sehemu nyingi duniani yameshaharibika. Wachimbaji wa visima vya utafiti, Waingereza wa Cardiff pamoja na watu wa TPDC, shirika letu la petroli, walitoa nguzo za udongo pale na dunia ikajifunza mambo ya hali ya hewa ilivyobadilika miaka milioni 34 iliyopita barafu ilipoanza kuganda kule Antaktika. Angalieni machapisho ya mradi ule, jina la Joyce Singano wa TPDC limo mara nyingi tu, mama wa Kitanzania, mtaalamu wa hivyo vijidudu, sio kwenye shukrani, kwenye waandishi.

Ila nakubali yule alikuwa mtaalamu mwenye ofisi. Waliovuta mabomba ya kuchorongea na mama ntilie aliyetupikia ming'oko na pilipili asubuhi, hao ni habari nyingine.

Mzee wa Naliendele Zamani
Wanangu hamjambo. Nimestaafu kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele, macho nayo yamestaafu, mnivumilie makosa.

Karanga hiyo Pendo mnayokula ilitolewa 1998. 2009 zikatoka Mangaka, Masasi, Nachingwea, Naliendele, na Mnanje. Ufuta kuna Lindi 2002 na Mtwara 2009. Angalieni majina. Vijiji na miji. Sisi tuliona ndio haki, ukimpa mbegu jina la mtafiti mmoja wengine arobaini utawaambiaje. Kuna dereva aliyelala na gunia za mbegu ndani ya gari lililokwama kwenye tope siku tatu zisinyeshewe, kuna mama waliokuwa wanachambua punje kwa punje. Kwahiyo tukasema mbegu ni ya Mangaka. Mtu wa Mangaka akiipanda anaona yake.

Sijui kama tulipatia. Wale mama wengi wao wamekufa na mimi nikiulizwa majina yao nayakumbuka mawili.

Mkumbuke pia kuwa Nachingwea ilishapata karanga za watu wasiouliza. 1947 Waingereza walileta matrekta, mpango mkubwa wa karanga, wakajenga reli na bandari ya Mtwara yenyewe ni kwa sababu ya karanga hizo. 1951 mpango ukawa umekufa, reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Bandari tu ndo ikabaki. Walipima ardhi kwa haraka, wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Kutoka juu ardhi yote ni nzuri.

Magu_hadi_Masasi
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya majina mawili imeniumiza.

Mzee wa Naliendele Zamani
Marahaba mwanangu. Usiumie, andika.

Nnewala
Na mimi nitupie moja. Chikungunya, ule ugonjwa dunia nzima wanautaja, Brazil, India, kote, hilo ni neno letu la Kimakonde. 1952 ulitupiga huku Newala na nyanda zote za Makonde, watu viungo vinakaza mpaka wanatembea wamejikunja, wazee wakasema kukungunyala, kujikunja huko. Daktari aliyeitwa Robinson akauandika na jina likatoka 1955. Kwenye tovuti kibao wanasema ni Kiswahili, inaniudhi. Waliosema lile neno mbele ya daktari ni kina nani? Mgonjwa fulani, kitandani. Dunia nzima inamnukuu bila kumjua.

Binti Maabara
Mi nilete upande wa sisi wadada maana naona kina kaka mmeshika uzi. Mimi nachukua sampuli za maji visimani, Nanyamba, Tandahimba, huko huko. Nyumba ya kupanga nilikataliwa mara mbili kwa sababu mwanamke peke yake na anarudi usiku na ndoo za chupa, wakahisi mganga 😅. Mwanangu ana miaka mitatu yuko kwa bibi yake Moshi, ananijua kwa simu. Kwenye timu nipo mwanamke peke yangu na Mchaga peke yangu, kila hela ikipotea wananiangalia kwa utani. Lakini hawa hawa wanaonitania, siku nimeugua Newala dereva wetu Mmakua mwenye wake wawili alinipeleka kwa mke mkubwa, nikakaa siku tano naogeshwa kama mtoto. Sasa hivi yule mama ndo ndugu yangu. Kazini kwangu undugu nimeupata jikoni, mikutanoni kule tunapeana kadi za biashara tu.

Dada wa Magu ukija Mtwara njoo nikupikie pweza.

Chokonoa
Na mimi nialikwe basi, nimechangia hoja.

Binti Maabara
Wewe utalipia soda.

Ngisi Mkavu
Twendeni mbele, tufanye kweli. Nipo Msimbati upande wa hifadhi ya bahari, nikitoka huko ni mara moja kwa mwezi. Tukutane Mtwara, Shangani pale ufukweni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi. Watafiti, mafundi, madereva, wakamata mbu, wote. Na bwana wa kupuliza salfa kwenye mikorosho mwambieni naye aje, ila akanawe kwanza.

Fundi Sanifu wa Kuchele
Nakuja na mlinzi.

Magu_hadi_Masasi
Wakuu narudi, samahani siku tisa nilikuwa shamba mtandao hakuna.

Nilifanya alivyosema Daktari. Nimetafsiri lile andiko lote kwa Kiswahili kwenye daftari, usiku mbili, nikagundua sehemu mbili sikuwa naelewa mwenyewe nilichoandika nikazifuta. Jumanne jioni nikaenda kwa Mama S, alikuwa anakoboa mtama, nikakaa kwenye mkeka nikaanza kusoma. Akawa anaitikia mmh, mmh, kama anasikiliza taarifa ya msiba. Nikafika kwenye jedwali. Nikasoma: kitalu cha tatu, mbegu namba nane, rozeti imeshambulia sana, kwahiyo mbegu hii haifai kuendelea nayo.

Akaacha mchi. Akasema, we mwanangu, kitalu cha tatu si tulirudishia?

Nikamuuliza kurudishia nini. Akasema kunguru walifukua mbegu zote kitalu kile wiki ile mimi nipo Dar kwenye mkutano, yeye na mwenzake wakapanda upya, siku kumi na mbili baadaye, na walimwambia kijana wa daftari aandike. Kijana hakuandika. Mnaojua karanga mnajua hii maana yake nini, iliyochelewa kupandwa inakuta vidukari wameshazaliana na rozeti inaila yote. Yaani namba nane sio dhaifu. Ilichelewa tu. Na mimi nilishaiondoa, msimu huu sikuipanda kabisa, imebaki gunia nusu tu la mbegu stoo.

Nikamuuliza mbona hukuniambia siku zote. Akasema hukuniuliza, ulikuwa unaandika.

Nimempigia bosi. Kwanza kimya, nikadhani mtandao umekata. Alafu akasema, "huyo mama anaitwa nani majina yake matatu?" Sijui kama ni ndiyo au anataka kumjua tu. Nitawaambia.

Chokonoa
Na lile swali langu? Jina au hela?

Magu_hadi_Masasi
Nilimuuliza. Kasema vyote. Na kwenye jina liandikwe la baba yake, la mume nisiweke, mume hajawahi kufika lile shamba.

Binti Maabara
😂😂😂 huyo mama aje Shangani.

Mzee wa Naliendele Zamani
Hiyo namba nane msimu ujao ipande mapema, mvua za kwanza tu. Na mlete mbegu kidogo niione, kama vidole vyangu bado vinaona.

Magu_hadi_Masasi
Nitaleta mzee. Ngoja kwanza nirudie hesabu zote za kitalu cha tatu, laptopu ina asilimia 11 na umeme umekatika toka saa nane mchana.